Maneno Niliyomtilia Bwana Mkubwa

Emiliana alinipigia simu saa moja asubuhi, na kabla hajasema neno nilijua. Mkulima wa kijijini Qurus hakupigii saa moja asubuhi, msimu wa kupanda mahindi, eti akusalimie tu. "Mwalimu, baba ametutoka," alisema, akalia, na mimi nikalia, kila mmoja na simu yake sikioni. Tulipotulia akaniambia kikao cha familia kimeamua niandike wasifu wa marehemu na niusome siku ya mazishi, kwa sababu nilifanya kazi na baba yake na kwa sababu walimu ndio wenye sauti ya kusoma mbele za watu. Nikasema sawa. Halafu, kama mtu aliyesahau kitu kidogo, akaongeza: "Na yule mzee aliyekuwa Mtendaji zamani amesema atakuja. Tumempangia kiti cha mbele." Nikasema sawa tena. Nilipokata simu niliinuka nikafunga mlango kwa komeo, asubuhi kweupe, nyumbani kwangu mwenyewe, na mimi naishi peke yangu.

Nina miaka arobaini na tisa. Nimefundisha sekondari miaka zaidi ya ishirini, wanafunzi wananiogopa, na nimewahi kumfokea mkaguzi wa shule mbele ya wenzake mpaka akaomba maji ya kunywa. Lakini karatasi ile ilinishinda. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, ugonjwa, yote niliyaandika kwa nusu saa. Mstari mmoja ulibaki wazi: kwa nini Paskali aliacha kutafsiri sinema. Waliojua sababu yake tulikuwa watatu. Mama Boay alishazikwa, Paskali sasa anazikwa, nimebaki mimi. Nikiunyamazia mstari huo, basi umenyamaziwa milele, na mtu aliyenibebea mzigo wangu atashuka kaburini nao. Nikiusema, nitausema mbele ya Mtendaji. Jina lake sitalitaja hapa, na wala kata yake, na msidhani ni heshima. Ni woga mtupu.

Mwaka alioacha nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, na nilipanga chumba nyuma ya banda la video la Mama Boay, pale Karatu mjini. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo mbili na dirisha la mbao lililotazama ukuta wa banda, kwa hiyo kila kilichosemwa bandani nilikisikia hata nikiwa kitandani. Julai ukungu ulikuwa ukishuka kutoka kreta, mji wote unanuka moshi wa kuni na vitunguu vilivyotoka Mang'ola, na magari ya watalii yanapita kwenda geti la hifadhi yamewasha taa mchana. Mama Boay alikuwa mjane mnene mwenye kicheko kikubwa, na alipika makande ambayo hadi leo sijayapata kwingine: mahindi yaliyokobolewa kwa kinu, maharage mekundu, na maziwa ya mgando yanamiminwa juu wakati chungu bado kinachemka. Tulikula watatu kwenye benchi la nyuma, yeye, mimi na Paskali, na tulipokuwa tunakula hakuna aliyeruhusiwa kuzungumza habari za kazi. "Tumbo likisikia matatizo linagoma," alikuwa akisema. Haya, tulikula kimya, halafu tukimaliza ndipo matatizo yanaanza.

Kazi yetu ilikuwa kutia maneno. Watoto wa siku hizi wanaangalia filamu kwenye simu, hawajui tulikotoka. Sinema inakuja na lugha yake, watu waliojaa kwenye mabenchi hawaielewi, basi mtu anakaa pembeni na maiki na kusema kwa Kiswahili kila kinachosemwa, huku ile sauti ya sinema imepunguzwa. Mtafsiri mzuri hatafsiri tu. Anawapa wahusika majina ya hapa, jambazi anaitwa Gidabuday, polisi anaitwa Massawe, na anawatia maneno ya hapa, ili mtu aliyetoka Mbulu na mbuzi wake acheke kama yuko kwake. Paskali alikuwa ndiye bingwa. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mrefu, mpole, macho yake yameshaharibika kwa ukungu wa mtoto wa jicho, lakini sauti! Akiigiza mwanamke utaapa ni mwanamke. Akiigiza mzee utatafuta fimbo yake. Kwa kuwa macho yalimsumbua na Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, Mama Boay alinichukua mimi. Asubuhi naangalia mkanda mara mbili na kuandika maneno kwenye daftari kwa herufi kubwa, mchana nakaa nyuma yake na kumnong'oneza pale asipoona. Aliniita mwalimu hata kabla sijawa mwalimu. Watu walijua sauti ni ya Paskali, na waliamini na maneno ni yake. Ilinifaa hivyo. Msichana wa banda la video hakuwa na sifa nzuri mjini, na mimi nilikuwa natafuta barua.

Barua yenyewe ilikuwa ya utambulisho, ya kwenda chuo cha ualimu. Lazima isainiwe na Mtendaji wa kata. Niseme jinsi ofisi yake ilivyokuwa, kwa sababu pasipo hilo hamtaelewa chochote. Ulifika saa mbili, unakuta watu wamechuchumaa kwenye kokoto za uwanjani, wanaume kwa wanawake, wazee waliovua kofia na viatu wameviweka pembeni. Hakuna benchi. Benchi lilikuwepo zamani, akaamuru lichomwe. Mgambo wawili wanasimama mlangoni. Unachuchumaa mpaka uitwe, na ukisimama kunyoosha miguu unarudishwa mwisho. Nilichuchumaa mpaka saa saba mchana. Mbele yangu alikuwepo mzee wa miaka sabini anayetaka kibali cha kusafirisha ng'ombe wawili, na alipoitwa hakuweza kuinuka, akaenda kwa kutambaa, mgambo wakicheka. Mtendaji hakupiga kelele hata siku moja. Alikuwa na mikono laini, alivaa sweta la kijivu, aliongea taratibu kama anaungama. Na alikuwa na swali lake moja ambalo kila mtu wa kata ile alilijua. Akishakudhalilisha, kabla hajakuruhusu kuondoka, anakutazama na kuuliza: "Nimekuonea?" Na wewe lazima ujibu, kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Hujanionea, mheshimiwa." Usipojibu, kulikuwa na stoo ya saruji nyuma ya ofisi. Mimi nilijibu mara ya kwanza tu alipouliza, na barua hakunisainia. Alisema nirudi mwezi ujao. Niliporudi nyumbani nilishindwa kula, Mama Boay akadhani nina mimba.

Basi ndipo ukaja ule mkanda. Dereva mmoja wa watalii alimletea Mama Boay boksi la mikanda iliyoachwa na mzungu aliyekuwa akijitolea kufundisha na sasa anarudi kwao. Mingi ilikuwa ya ngumi na ya wanyama, kama vile sisi hatujawahi kuona nyati. Mmoja haukuwa na picha juu yake, na dereva akasema, "Kuhusu huo, mzungu mwenyewe alinionya. Kwao waliupiga marufuku, watu waligombana kanisani na bungeni." Mama Boay aliposikia marufuku macho yakamng'aa. "Marufuku ndiyo inayojaza benchi, mwanangu," aliniambia. "Uangalie kesho, uutie maneno, tuuonyeshe siku ya mnada."

Niliuangalia asubuhi yake, peke yangu, nimejifunika khanga kwa baridi, na nilijuta. Ulikuwa mkanda usio na rangi, polepole, na lugha yake sikuijua. Haikuwa Kiingereza. Kuna nyumba kubwa juu ya kilima, na ndani yake kuna bwana mmoja mwenye adabu zake, anayewaita watu wa kijiji wapande kwake, watu wazima, wakulima, mafundi, akina mama. Kila siku anawapa amri mpya. Wavisalimie viti. Watoke chumbani kwake kinyumenyume. Wanaume wavue mashati wapimwe kwenye mizani ya ng'ombe, naye anaandika kilo zao huku wageni wake waliovaa vizuri wananong'onezana. Halafu inakuja meza ndefu yenye kitambaa cheupe, sahani za udongo mzuri, visu na uma, na juu ya kila sahani yamewekwa majani, majani haya haya ya ng'ombe. Wanakijiji wanakaa na wanakula. Wanakata kwa kisu, wanatafuna, wanapangusa midomo. Bwana anazunguka nyuma ya viti vyao na kumwinamia kila mmoja sikioni, anamwuliza kitu, na kila mmoja anajibu neno lile lile. Mwisho wa mkanda bwana anaondoka, nyumba inabaki tupu, milango wazi. Na wale watu, jamani, hawaondoki. Wanatoka wenyewe kwenda kukata majani, wanapanga sahani, wanakaa mezani. Hakuna ngumi hata moja, hakuna damu, na mimi niliinuka nikafunga mlango wa banda.

Paskali alikuja saa nne nikamwonyesha sehemu ya meza. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mwalimu, hii si ya siku ya mnada," alisema.

"Mama Boay ameshatangaza."

"Anawauliza nini pale sikioni?"

"Sijui lugha, kaka Paskali."

"Basi weka kitu chochote. Weka 'ni tamu?' Wao wajibu 'tamu.'"

Hilo ndilo alilosema. Nimelirudia neno kwa neno kwa sababu mwenyewe hayupo, na sitaki mtu aseme baadaye kwamba alinishauri. Aliniambia niandike "ni tamu". Nilikaa na daftari chumbani kwangu, magoti bado yananiuma kwa zile kokoto, na nikaandika: Nimekuonea? Na chini yake: Hujanionea, mheshimiwa. Niliandika mara kumi na moja, kwa kila mtu wa mezani. Nilicheka peke yangu nikiandika. Nilijiona mjanja kupindukia. Sikumwonyesha Paskali ukurasa ule kabla, maana angekataa, na nilijua kwamba akishakuwa kwenye maiki anasoma kilicho mbele yake bila kusita. Mtafsiri akisita, watu wanapiga miluzi.

Siku ya mnada banda lilijaa mpaka wengine wakakaa chini. Walikuwepo Wairaqw wa mashambani, wapagazi, na Wamaasai waliotoka Piyaya na Sale kuuza mbuzi, fimbo zao zimeegemezwa ukutani. Saa tisa alasiri tukaanza. Mwanzoni watu walilalamika, mbona hapigani mtu, mbona polepole. Bwana alipowaamuru watu wavisalimie viti, wakacheka. Kwenye mizani hawakucheka. Ikafika meza. Nilikuwa nyuma ya Paskali, nimemshikia daftari, nikaona kidole chake kinafuata mstari, kikafika pale, kikasimama. Sekunde moja. Mbili. Mluzi mmoja ukasikika nyuma. Na Paskali, Mungu amrehemu, akavuta pumzi na akasema kwa sauti ile ile ya Mtendaji, ile ya taratibu, ya kuungama: "Nimekuonea?"

Hata anayetafuna muwa aliacha. Paskali akajibu kwa sauti ya kike, nyembamba, "Hujanionea, mheshimiwa." Bwana akahamia kiti cha pili. "Nimekuonea?" Hapo mtu mmoja gizani akajibu kabla ya Paskali. Kiti cha tatu wakajibu kumi. Kiti cha nne banda zima, wanaume wazima, kwa pamoja, mpaka mabati yakatetemeka: "Hujanionea, mheshimiwa!" Wengine walikuwa wanacheka, wengine wanalia, na kuna mzee aliyekuwa anagonga fimbo chini kila wanapojibu. Sikuwa nimetegemea hivyo. Nilitaka wacheke tu, nilitaka kisirani changu kipoe. Niliona mlangoni mgambo mmoja amesimama, amekuja kuangalia sinema kama wengine, na yeye ndiye pekee aliyekuwa kimya.

Baada ya sinema watu hawakutaka kuondoka. Saibulu, mfugaji wa Piyaya aliyezoea kunywa chai kwa Mama Boay kila mnada, alibaki ameketi, shuka limemwanguka begani hakuliokota. "Mama," alimwambia Mama Boay, "sisi majani tunashika kwa mkono tukiomba amani. Mtu akikushikia majani, humpigi tena, hata kama amekuua ndugu. Sasa huyu mtu wa sinema anawalisha." Akatikisa kichwa. "Anawalisha amani yao." Kisha akaenda zake. Mama Boay alinitazama kwa muda, akaniambia nikaoshe vikombe.

Siku ya tatu tukasikia. Watu waliokwenda ofisi ya kata walichuchumaa kama kawaida kwenye kokoto, ila kila mmoja alikuwa ameshika majani mdomoni. Hawakusema neno. Mtendaji alipotoka aliwakuta hivyo, watu ishirini na zaidi, wazee na akina mama, unyasi mmoja mmoja katikati ya meno. Siku ya nne walikuwa wengi zaidi. Kuna waliosema walianza Wamaasai, kuna waliosema ni Wairaqw, mimi najua tu kwamba hakuna aliyeitisha kikao. Mjini watu walikuwa wanapeana habari kwa kucheka, "Mmesikia? Jana eti hakusaini hata barua moja, alijifungia ndani!" Na mimi kila niliposikia kicheko nilirudi chumbani. Niliacha kwenda sokoni. Nilisikia viatu nje ya dirisha na kuhesabu hatua. Nilichana ukurasa wa daftari, nikauchoma, kisha nikaona daftari lina alama ya ukurasa uliochanika, nikalichoma lote jikoni, na Mama Boay akaniona, hakuuliza.

Mchana mmoja kupitia ukuta wa mbao nilimsikia Mama Boay anaongea na Paskali bandani. "Msichana ndiye aliyeandika?" alimwuliza.

"Mama Boay, wewe uza chai."

"Nakuuliza Paskali. Wakija niseme nini?"

"Sema aliyekuwa na maiki ni mimi. Si uongo huo."

"Una mke na mtoto mchanga, wewe!"

"Na yeye ana miaka ishirini. Unajua kule stoo msichana wa miaka ishirini anafanywa nini?"

Nilikuwa nimekaa kitandani, nimeshika sahani ya makande yaliyopoa. Nyinyi mnaosoma mnangoja niseme kwamba niliinuka, nikazunguka ukuta, nikasema hapana. Niliendelea kukaa. Nilisikia afueni, niwaambie ukweli, afueni tamu mpaka machozi yakanitoka, na nikala yale makande yote.

Walikuja kesho yake saa nne, mgambo wanne na Mtendaji mwenyewe amevaa sweta lake. Walichukua deki ya video, wakachukua ule mkanda. Mtendaji aliketi kwenye benchi la mbele kabisa, peke yake, akatuamuru tukae chini. Alitaka kila mmoja aandike kwa mkono wake ile sentensi ya sinema, kwa sababu, alisema, kuna mtu wake aliyeona kwamba msemaji alikuwa anasoma. Akagawa karatasi. Mimi mkono wangu ulijulikana, ubao wa matangazo nje nilikuwa nauandika mimi. Nikashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Niliandika vibaya kama mtoto wa chekechea, Nimekuonea, herufi zinapanda na kushuka. Aliichukua karatasi yangu, akaiangalia, akanitazama usoni. "Umemaliza kidato cha nne, binti?" Nikasema ndiyo, mheshimiwa. "Na mwandiko ndio huu?" Kabla sijajibu, Paskali alisimama. Hakuamriwa kusimama. "Mheshimiwa, asisumbuke bure huyo," alisema. "Mimi ndiye niliyesema, na maneno ni yangu. Nilikuwa nimeyashika kichwani. Kusoma kwenyewe sioni." Na akacheka kidogo, ile ya kujionea haya. Walimchukua hivyo hivyo, na kandambili.

Alikaa siku kumi na moja. Mke wake alikuwa akipeleka chakula mlangoni na kurudishwa nacho, mtoto mgongoni, ndiye huyo Emiliana. Mimi nilikuwa navuka upande wa pili wa barabara nikimwona. Siku nne za mwanzo watu waliendelea kwenda na majani yao, halafu wakapungua, halafu wakaenda mikono mitupu, kwa kuwa kila mtu alikuwa na barua yake ya kutafuta. Siku ya kumi na mbili Paskali aliingia nyuma ya banda akakaa kwenye benchi letu. Alikuwa msafi, hana kovu, amenyolewa. Mama Boay akampakulia. Alitazama sahani, mkono hauendi.

"Walikupiga?" nilimwuliza.

"Hawakunigusa." Sauti yake ilikuwa imeshuka, ya kukwaruza. "Alikuwa ameangalia ule mkanda, mwalimu. Aliuangalia wote, ofisini kwake. Nadhani aliupenda." Akaisogeza sahani mbali kidogo. "Alinitafutia sahani nzuri, na uma. Kila siku saa sita, mezani kwake, mbele ya mgambo. Nikimaliza ananiuliza."

"Na wewe?"

"Nilijibu. Ulitaka nijibu nini?"

Hakuniambia tena kuhusu hilo maisha yake yote, wala hakushika maiki tena. Alirudi Qurus akalima mahindi na mbaazi, na macho yakaisha kabisa miaka michache baadaye. Nilikuwa nikienda kumsalimia kila likizo, nampelekea sukari na sabuni, na kila mara nilikwenda na nia ya kumwomba msamaha, na kila mara tuliishia kuongea mvua. Mama Boay aliuza banda. Na barua yangu ilisainiwa mwezi uliofuata. Mtendaji mwenyewe aliniita kutoka kwenye kokoto, kabla ya wengine, akasaini, akapiga muhuri, akanitakia masomo mema. Aliniuliza swali lake. Mnajua nilijibu nini. Na niliongeza asante.

Nimewaza sana juu ya yule aliyeitengeneza sinema ile huko kwao. Wapo waliosema ni uchafu, waliomwona kuwa alipenda mno kuonyesha watu wakidhalilishwa, na labda wako sahihi, sijui. Mimi najua tu kwamba alijua kitu kuhusu sisi bila kutujua. Kilichonitisha zaidi, asubuhi ile na khanga yangu, hakuwa yule bwana. Ni wale watu mwishoni, milango iko wazi, nao wanapanga uma. Nilijipa moyo. Nilifikiri ni wazungu tu.

Juzi tulimzika Paskali, pembeni ya shamba lake. Watu walikuwa wengi, wamejaa mpaka kwenye matuta. Mtendaji aliletwa kwa gari la mwanawe, amezeeka, sweta la kijivu jingine, masikio yameshakufa, mwenyekiti wa kitongoji ameketi karibu naye kumweleza yanayoendelea. Katekista akaniita. Nilisimama na karatasi yangu na mstari ule bado ulikuwa wazi, sikuwa nimeuandika. Nilisoma kuzaliwa. Nilisoma ubatizo na ndoa. Nikafika pale, nikanyanyua macho kutoka kwenye karatasi, nikasema: "Watu walioishi hapa mwaka ule wanakumbuka sinema ya majani. Maneno yale hayakuwa ya Paskali. Niliyaandika mimi, bila yeye kujua, na alipoulizwa alisema ni yake. Alikaa stoo siku kumi na moja kwa ajili yangu, na akalishwa majani. Mimi nilinyamaza. Emiliana, mwanangu, nisamehe, nilimnyamazia baba yako mpaka leo."

Emiliana alinyanyua uso kutoka kwenye khanga yake. Pale mbele Mtendaji alimgeukia mwenyekiti, akauliza kwa ile sauti kubwa ya viziwi, shamba zima likasikia: "Anasemaje?"

Mwenyekiti alinitazama. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, huenda hakuwahi hata kuchuchumaa kwenye kokoto zile. Alitazama watu, akamwinamia mzee sikioni, akasema kwa nguvu ili asikie: "Anasema marehemu alikuwa mpole sana, mheshimiwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kweli," alisema. "Hakunisumbua." Kisha akanigeukia, akaninyanyulia mkono wake laini. "Endelea, mama."

Nikainamisha kichwa kwenye karatasi. Nikasoma mstari uliofuata, wa watoto na wajukuu.